Salamu ya Kushoto

Anayedhani mchuuzi anakula kwa ulimi hajawahi kununua ndizi Maramba. Ulimi ni wa kusalimia tu. Bei inashushwa na shingo. Unatajiwa bei, unatikisa kichwa taratibu kama mtu aliyeletewa habari za msiba wa mbali. Unatajiwa ya pili, unageuza uso barabarani kana kwamba lori lako linaondoka. Unapiga hatua chache, halafu unatazama nyuma juu ya bega la kushoto. La kushoto, si la kulia. Ukitazama kulia wanajua umekwisha kubali. Usiniulize kwa nini. Ndivyo ilivyokuwa miaka ile ya hamsini, kule shamba na hata kwetu sokoni Ngamiani, na jambo hilo nililifanyia hesabu mara mbili.

Shingo hiyohiyo ndiyo iliyogoma.

Nilikuwa natoka Maramba juu ya lori, nimejibanza katikati ya mikungu ya ndizi. Mbele kwa dereva kulikuwa na bei yake, juu ya mzigo ni bure, kwa hiyo nikapenda hewa safi. Nikalala. Kichwa kikaangukia bega la kulia, kikakaa huko njia nzima, kila shimo likikikandamiza zaidi. Utingo aliponiamsha Pongwe kwa kunitekenya na kijiti, nilimtukana, lakini nikashindwa kumtazama. Alikuwa amekaa kushoto kwangu.

"Mbona unautukana mkungu?" akaniuliza. "Mie niko huku!"

Kwa soko ningevumilia. Balaa lilikuwa msikitini. Wiki ile mjomba wangu alikuwa amenipelekea posa kwa mzee mmoja, fundi wa kushona kanzu, mtaa wa pili kutoka kwetu. Binti yake nilimpenda tangu siku niliponunua maandazi kwao nikaomba la nyongeza. Alininyima. Kisha akayahesabu upya yale niliyokwisha kushika, akakuta moja limezidi, akalichukua. Mtu anayehesabu mara mbili! Nilijua nimempata mwenzangu, na nilijua pia kwamba nikimkosa huyu sitampata wa namna yake pwani yote, hata nikienda mpaka Horohoro.

Kwa haraka yangu nilimhimiza mjomba amalize mambo kwa safari moja: aende, aseme, apewe jibu, arudi nalo. Mimi kwa upande wangu nikajipa kazi ya kuonekana. Kila Alasiri niliswali ubavuni mwa yule mzee, yeye kushoto, mie kulia, kanzu imepigwa pasi, kikohozi changu cha adabu.

Sala, kama ujuavyo, inamalizwa kwa salamu mbili, ya kulia kisha ya kushoto. Ya kulia niliitoa vizuri sana. Bahati mbaya kulia kwangu hapakuwa na mtu, palikuwa na nguzo ya msikiti. Ya kushoto nikaitia nia, nikasukuma, na shingo ikabaki kuitazama nguzo.

Siku ya kwanza mzee alivaa viatu vyake akaenda zake. Siku ya pili akaningoja penye viatu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kijana, ile nguzo ni ndugu yako?"

"Hapana, mzee."

"Naona mnasalimiana kwa mapenzi."

"Ni shingo, mzee. Imekaza. Tena masheikh wanasema salamu ya kulia ndiyo faradhi. Ya kushoto ni sunna."

"Ahaa. Faradhi ukaipa nguzo, sunna ukaninyima mie." Akavaa kiatu kimoja, akakitafuta cha pili kwa kidole gumba. "Mjomba wako alikuja kwangu kama mtu aliyeacha chungu jikoni. Alitaka jibu palepale mlangoni. Jibu nitalitoa Ijumaa baada ya sala, na nitampa mtu aliyenielekea. Sijibu ubavu mie."

Ilikuwa Jumapili. Nikaenda mbio, kichwa upande, mpaka nyuma ya soko kwa mkandaji mmoja wa Kipemba, mzee mwenye viganja kama makafi, ambaye kibanda chake ulikifikia kwa kufuata harufu ya karafuu. Alinibonyeza mara moja chini ya sikio. Nikaona nyota mchana.

"Mara sita," akasema. "Kila siku mara moja."

"Mara moja," nikasema.

"Sita."

"Mbili, na ndizi mbivu nakuletea."

"Yakhe, kwani hapa umekuja kununua nini?"

"Shingo."

"Shingo ni yako. Sita."

Hapo ndipo nilipotaka kutikisa kichwa kukataa. Kikakataa kutikisika. Kikapanda kidogo, kikashuka.

"Ahsante kwa kukubali," akasema.

"Sikukubali!"

"Umeitikia, nimekuona."

Tuliendelea mpaka mafuta yake yakapoa jikoni. Mwishowe akachoka. "Haya, mbili. Lakini ujue shingo yenyewe haikuwepo kwenye mapatano haya."

Sikulitilia maanani neno hilo. Nilikuwa nimeshusha sita hadi mbili bila kichwa, nilijiona bingwa. Akanipaka mafuta ya nazi yaliyochemshwa na karafuu, akanikanda kwa kitambaa cha moto, akanichua kuanzia begani kwenda juu, kisha akavuta ghafla. Shingo ikalia kama muwa unaovunjwa. Nikatoka nje nikatazama kushoto. Nikatazama tena. Nilitazama kushoto kwa furaha mpaka mama mmoja muuza mchicha akaniuliza nimepoteza nini.

Nikapiga hesabu. Ikiwa mara moja imetosha, ya pili ni faida tupu. Sikwenda. Badala yake nikarudi kwenye kazi. Jumatatu biashara ilinishika sokoni, msikitini kwa mzee sikufika. Jumanne nikabeba mikungu kwa bega la kulia ili la kushoto lipumzike, mkungu ukikisukuma kichwa upande wa pili tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Nikajilaza kidogo kabla ya Alasiri. Nikaamka kichwa kikiwa kimegeukia kushoto. Kimekaza hasa.

Siku hiyo mzee alinipata vizuri mno. Tangu takbira mpaka salamu uso wangu ulikuwa kwake. Nilijitahidi kutazama mahali pa kusujudia. Macho yakaenda, uso ukabaki. Kila tukisimama namwona mzee anavuta kanzu yake, anajongea kidogo, na mimi nipo tu, nimemwelekea.

Penye viatu akasema, "Kijana, juzi ulininunia, leo unanikodolea. Unanipima nguo?"

"Shingo, mzee."

"Na ile nguzo mmegombana?"

Mpemba aliponiona alicheka mpaka akaweka bakuli chini. Alizunguka upande wa kulia anitazame, nikashindwa kumgeukia, akacheka upya.

"Umewahi kununua kuku?" akaniuliza alipopata pumzi.

"Sana."

"Ukifika naye nyumbani unafanya nini?"

"Namfunga kamba mguuni."

"Kwa nini? Si umekwisha mnunua?"

"Atarudi kwa mwenyewe wa zamani."

"Unamfunga siku moja?"

"Mpaka alizoee banda."

"Basi mshipa wako ni kuku mgeni. Mie juzi nimekuletea nyumbani. Weye ukafungua kamba jioni ileile, ukaona ajabu siku mbili hazijaisha kakimbia, tena kakimbilia kwa jirani! Nyama ya shingo ikikaa upande inajua upande. Nikiilegeza leo, usiku inakumbuka ilikotoka, inarudi. Kesho naifuata, naileta tena. Inarudi, lakini haifiki mbali. Kila siku inasahau kidogo. Hilo la kusahau siwezi kulifanya kwa kuvuta mara moja hata ningekuwa na mikono minne."

Nilielewa. Laiti angetaja kuku tangu Jumapili. "Basi zimebaki tano," nikasema.

"Sita."

"Moja tulikwisha fanya!"

"Ile umeila. Sita."

Kulikuwa na siku tatu tu kabla ya Ijumaa kupambazuka. Nikaenda kila siku, na wala sikubeba mkungu. Mara ya kwanza shingo ilinyooka, na alfajiri nikaikuta imerudi kushoto. Ya pili ilistahimili mpaka adhuhuri. Ya tatu ikalala nyooofu, ikaamka nyooofu, ingawa kugeuka ilikuwa mpaka iombwe. Kuku alikuwa ameanza kulitambua banda, lakini kamba bado.

Ijumaa niliketi mahali pangu, kati ya nguzo na mzee. Imamu akatoa salamu. Kulia nikafika, nguzo nikaisalimia kwa kifupi, hatukuwa na mengi. Kisha nikaanza safari ya kushoto. Shingo ilikwenda kwa vituo kama lori linalopanda mlima: inakwenda, inasimama, inanguruma, inakwenda. Watu wakamaliza. Wengine wakaanza uradi. Mzee alikuwa ametulia, ananingoja. Nikasogea, nikasogea, mpaka pua yangu ikamfikia.

"Umefika?" akanong'ona.

"Nimefika, mzee."

"Habari za njiani?"

"Nzuri, mzee."

"Karibu. Unanuka pilau. Jana mtu wa nyuma yangu amesahau rakaa ngapi."

Penye viatu, kwa kuijua ile harufu ya karafuu, akaniuliza nimekwenda kwa Mpemba mara ngapi. Nikamwambia tatu, na tatu bado.

"Kwa nini usimalize kwa moja, mtu hodari wa mapatano kama weye?"

"Nilijaribu, mzee. Inarudi." Nikamweleza habari za kuku, yote, mpaka jirani.

Mzee akasikiliza huku anakitafuta kiatu. "Na binti yangu ulitaka kumchukua kwa safari moja ya mjomba wako? Mwenyewe nimemuuliza, hakukataa. Kasema unapenda nyongeza, lakini utafundishika. Ila mama yake jina lako hajalizoea. Shangazi zake hata hawajalisikia. Mwambie mjomba wako aje tena. Safari hii aketi, anywe kahawa, aondoke bila jibu. Kisha arudi."

"Arudi mara ngapi, mzee?"

"Mara nne. Halafu tutaona."

Nne! Ulimi wangu tayari ulikuwa umeshika mbili. Nilitaka kutikisa kichwa taratibu, nigeuze uso barabarani kama mtu ambaye lori lake linaondoka, na kwa mara ya kwanza tangu Maramba shingo ingeniitika. Nikaiacha palepale ilipo, imemwelekea mzee. Kisha nikaitikia, juu, chini, na nikarudia mara ya pili, asije akadhani ile ya kwanza ilikuwa mshipa.