Gurudumu Lililoshika Tukimpeleka Makokha

Mimi ni fundi wa magari, si mtu wa hadithi. Haya niliyaona mchana, mvua ikinyesha, na sikuwa nimeonja hata tone la pombe ya busaa. Ukitaka kucheka, cheka. Mimi nilikuwepo.

Ilikuwa mwaka wa pili baada ya uhuru. Tulikuwa tunampeleka Makokha kwao, upande wa Mumias, akazikwe. Alikuwa dereva, na lori lililomuua ndilo lililombeba, maana mwajiri wetu hakuwa na lingine. Siku ya ajali lilivuta kushoto ghafla, likaingia mtaroni, naye akarushwa nje. Ukoo ukasema amerogwa na Mama Nekesa, mke mdogo wa baba yake. Wakaapa kwamba mazishi yakiisha, bibi huyo atahama apende asipende.

Mimi nilijua ukweli. Juma moja kabla ya ajali, Makokha alikuja gereji pale Amalemba akaniambia gurudumu la nyuma, kushoto, linanuka kuungua. Mbele yangu kulikuwa na sahani ya obusuma, ugali wetu, na njaa ilikuwa inaniuma. Nikamwambia, "Ni vumbi tu, wewe nenda." Tulikuwa wawili peke yetu.

Basi tulipopita Lurambi lori likawa zito, harufu ya kuungua ikapanda. Tukasimama. Ndugu zake wawili wakaweka mikono juu ya jeneza wakaanza kumbembeleza, kama ilivyo desturi kwetu maiti akikataa safari.

"Makokha, ndugu yetu, twende nyumbani. Usitukalie kwa barabara."

Mimi nikapiga jeki. Gurudumu halikuzunguka hata nilipolisukuma kwa miguu. Nikalegeza nati ya kutolea hewa, mafuta yakaruka, gurudumu likaachia. Ugonjwa nikaujua: mpira wa breki, ule mrija wa mafuta, ulikuwa umevimba kwa ndani. Unapitisha mafuta kwenda lakini hauyaachi kurudi, kwa hiyo breki ikishika haiachii.

Hapo akachuchumaa kando yangu mtu nisiyemjua, mwembamba, koti lake halina kifungo hata kimoja. Akaweka kiganja juu ya dramu ya breki. Niamini, matone ya mvua yalikuwa yanachemka pale, na mkono hakuuondoa.

"Fundi, hii ndiyo ile vumbi?" akauliza.

Wewe ungejibu nini? Nikainamia spana yangu.

"Na kufungua ni dakika kidogo hivi tu?" Akanitazama bila hasira, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. "Sasa uwaambie."

Nilipofuta mvua machoni hakuwepo. Nikawauliza wale ndugu yule alikuwa nani.

"Nani, fundi? Sisi tumeona tu wewe ukiongea na gurudumu."

Sikuwa na mpira mwingine. Nikautoa ule, nikaliziba bomba lake kwa bolti, tukaenda polepole kwa breki za magurudumu mengine. Mpira mbovu nikautia mfukoni.

Matangani kila mtu alipewa nafasi aseme. Mama Nekesa aliketi peke yake kando ya ghala la mahindi, watu wamemkwepa. Zamu yangu ikafika, nikasimama nimeushika ule mpira mfukoni. Nikasema Makokha alikuwa mtu wa watu. Nikasema Mungu ametoa, Mungu ametwaa. Kisha nikaketi. Niliogopa, sina neno lingine.

Kesho yake watu wa ukoo wakaichoma nyumba ya yule mama. Alinipita barabarani na sufuria moja kichwani, akasimama akanishika mkono.

"Asante kwa kuniletea mtoto wangu, fundi. Mungu akubariki."

Hata hapo sikusema. Miaka ikapita ndipo nikapata nguvu ya kumtafuta, hadi Butere. Nikaambiwa amekufa kwa watu baki, na mpaka mwisho alikuwa akiwauliza yeye alimfanyia Makokha nini.

Yule mtu wa kwenye mvua hajanirudia, ingawa mara nyingi nimesimama pale Lurambi kumngoja. Wewe unayenisikiliza, ukweli ukiwa mkononi mwako na mtu anaonewa, useme siku hiyo hiyo. Mimi nimebaki nao, na wa kumwambia hayupo.