Jogoo wa Mahindi ya Njano

Debe moja la mahindi ya msaada lilitugharimu jogoo, yule aliyekuwa auzwe ninunuliwe sare ya shule. Nilimkumbuka juzi sokoni Uriri, kijana mmoja aliponiambia kwamba msaada uliwafanya wazee wetu wavivu.

Uvivu gani? Mama alimficha jogoo kwa jirani yetu, Mama Atieno, wakaguzi wa msaada wasije wakasema tuna mali. Tukapanga foleni juani kutwa, magunia yakinuka dawa ya wadudu, palizi ikitungoja shambani. Mimi nilidhani mahindi yale ya njano yamepakwa siagi.

Jioni kwa Mama Atieno kulinukia mchuzi wa kuku.

"Aliugua ghafla, dada," jirani huyo alimwambia Mama. "Nikamsaidia."

Nami nikaamini.

Kijana huyo wa sokoni ni mjukuu wa Mama Atieno. Nishaurini: nimdai jogoo wetu, ama nimwombe msaada?