Vedasto na Gari-Nyumba la Safari ya Ujiji

Vedasto, fundi pampu wa Ng'ambo, mtaa ulio kwenye njia ya Ujiji, hajui kukaa. Chai anainywa amesimama, na misa ya Jumapili huisikilizia mlangoni huku akichungulia nje. Mkewe Advera husema mume wake alizaliwa na siafu nyayoni. Watu wamemzoea hivyo hivyo, maana pampu ya kisima ikigoma, yeye ndiye huitwa.

Asubuhi hiyo aliletewa mgonjwa wa aina nyingine: gari-nyumba kutoka Dar es Salaam, lenye kitanda, jiko na choo ndani yake. Mwenye gari, Nabhan, alikuwa akimpeleka mama yake, Bi Haifa, kuzuru kaburi la mama mzazi wa huyo Bi Haifa kule Ujiji. Pampu ya maji ya gari ilinguruma lakini bombani halikutoka hata tone. Bi Haifa alikuwa na miaka themanini na magoti yaliyochoka. Choo bila maji hakifai, naye hakuweza kushuka njiani kutafuta kichaka. Kwa hiyo Nabhan alikwishakata shauri: saa sita ikifika na maji hayajatoka, wanageuza kurudi Dar. Vedasto alitazama saa. Ilikuwa saa nne na nusu.

Hapo akafanya kosa la mafundi wa visima, akaivamia pampu. Kisimani, pampu ikinguruma bila kutoa maji huwa imevuta hewa, basi unaifungua na kuimiminia maji ya kuanzia. Akafungua, akamimina, akafunga. Wapi! Akapima nyaya, umeme upo. Akafungua tena. Nabhan naye alizunguka gari, funguo zikilia mkononi, na kila mzunguko akitaja saa. Haraka haraka haina baraka. Wote wawili walilijua hilo na hakuna aliyelitii. Bi Haifa alikaa dirishani, midomo ikicheza kwa dua, na Vedasto kila alipomwona alizidi kuona aibu.

Saa tano na nusu, kwa kukosa la kufanya, akaufuata mpira wa maji kuelekea kwenye tangi. Kabla ya pampu akakuta kichujio kidogo kimezibwa na utomvu mweupe unaonata vidoleni. Akaunusa. Ulikuwa ubani.

Alimsogelea Bi Haifa, ambaye mtandio wake ulinukia vivyo hivyo, akamwonyesha kiganja. Uso wa mama wa watu ulimwiva kwa haya. Vedasto akamwonea huruma, akamgeukia Nabhan na kusema ni takataka tu za njiani.

"Usinisemee uongo, mwanangu," Bi Haifa alisema. "Nimeutia mimi. Maji yale nilitaka nimmwagie mama kaburini, yanukie. Sijamzuru tangu niolewe."

Nabhan akaacha kuzunguka. Vedasto akaeleza kwamba kuosha kichujio ni kazi ya dakika kumi, lakini maji ya tangini lazima yamwagwe yote, la sivyo kitaziba tena kabla hawajafika Urambo. Bi Haifa akakubali kwa kichwa, machozi yakimlengalenga. Nabhan akawapa mgongo, akaingia garini, nao wakadhani amekasirika.

Vedasto alilala chini ya gari, akashika koki ya tangi. Kabla hajaizungusha, Nabhan alitoka na dumu tupu, akapiga magoti vumbini na kanzu yake nyeupe, akalikinga.

"Fungua taratibu, fundi," alisema. "Haya ni ya bibi yangu."