Bwana Mchicha Mezani kwa Watoto

Sokoni walimwita Bwana Mchicha, na jina hilo alijitafutia kwa mdomo wake usio na breki. Alipanga mafungu ya mboga, akayanyunyizia maji, kisha akaanza kumwaga sera: mchicha unaongeza damu, mchicha unang'arisha macho, mchicha unamrudisha mume nyumbani mapema. Wateja walicheka, wakanunua. Yeye mwenyewe hakuwa ameutia mdomoni tangu apate akili zake. Mkewe akiuchemsha tu, harufu ilimfanya akumbuke ghafla kwamba kuna mtu anamsubiri nje.

Mezani alikuwa na mbinu zake. Alijipakulia mboga tele, kila mtu aone, kisha akaizungusha weee mpaka akaifukia chini ya wali. Mkewe aliosha sahani hizo miaka nenda rudi, mchicha akautupa jalalani. Alikuwa na mengine makubwa zaidi ya kugombania. Lakini kwa binti yao wa miaka minne, kitinda mimba, baba aligeuka askari. "Maliza mboga! Hutoki hapa!" Mtoto alilia hadi kamasi zikachanganyika na mchuzi, huku mchicha wa baba umelala salama kaburini mwake. Na mzee mzima alijiona anajua kulea.

Siku moja mwalimu wa chekechea alimpigia simu. Pale shuleni kila wiki mzazi mmoja alialikwa kula na watoto, chakula kilekile, meza ileile.

"Safari hii tunakuomba wewe, baba," alisema. "Binti yako amewaambia wenzake kwamba unamaliza sufuria nzima ya mchicha peke yako. Wanakusubiri kwa hamu!"

Bwana Mchicha alitamani kuingia mitini. Alifikiria kuumwa jino. Alifikiria hata msiba, ila hakumpata ndugu wa kumzika. Siku ilipofika, bintiye alimshika kidole, akamvuta hadi katikati ya darasa na kutangaza, "Huyu ndiye baba yangu!" Hapo ndipo akili ilipomjia. Yeye angeaibika, aende zake sokoni. Mtoto ndiye angebaki hapa akiitwa mwongo.

Walimkalisha kwenye kiti cha watoto, magoti yakakaribia kidevu. Sahani ikaja: viazi vya kuchemsha, maharage, na mchicha wa kutosha mbuzi wawili. Wali wa kufukia haukuwepo. Watoto waliweka vijiko chini, wakamkodolea macho. Basi akajikaza kisabuni, akachota kijiko kilichojaa pomoni, akakitia mdomoni kwa madaha.

Koo liligoma. Mashavu yalimvimba, machozi yakamlengalenga, na mbele ya darasa zima Bwana Mchicha akautema mchicha wote kwenye leso.

"Hawezi!" alipiga kelele mvulana mmoja mwenye pengo. "Ulitudanganya!" Darasa likaangua kicheko.

Mwalimu alifungua mdomo, lakini binti alimtangulia. Alikuwa amesimama, midomo inamtetemeka.

"Msimcheke," alisema. "Bado anajifunza."

Kisha akamsogelea baba yake. "Baba, umechota mwingi sana. Anza na kidogo, kama ukucha. Ukikushinda, weka pembeni, utajaribu kesho. Huku hatufokewi."

Akachota wa kwake, akatafuna, akameza, amwonyeshe inavyofanywa. Wala hakukunja uso. Bwana Mchicha alibaki kumtazama. Mtoto aliyekuwa akilizwa kila jioni kwa ajili ya mboga alikuwa anakula mboga hapa siku zote, kwa raha zake. Mkaidi alikuwa mmoja tu nyumba nzima, tena ndiye aliyekuwa akijipakulia wa kwanza. Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

Alichota kipande kidogo, kama ukucha. Akatafuna. Akakunja uso, akafumba macho, akameza.

"Hodari, Baba!" Bintiye alimpigapiga mgongoni kwa mkono wenye mchuzi. Neno hilo baba mtu hakuwahi kumwambia mezani, hata kwa bahati mbaya.

"Nisamehe, mama," alimwambia bintiye, kipande cha pili kikiwa mdomoni.

Mtoto hakuelewa asamehe nini. "Usiongee na chakula mdomoni," akamwambia, akarudi kwenye sahani yake.