Landrova Iliyopiga Magoti

Andika, mjukuu wangu. Landrova kuukuu tuliyoiona juzi Kasulu, imeinama nyuma, imenikumbusha ya baba yangu. Utotoni nilidhani ile ya baba imepiga magoti kuamkia wakubwa, kama tulivyofunzwa wasichana. Leo najua springi zake zilikuwa zimechoka.

"Haipandi mlima na maharage hiyo!" jirani alicheka, na mavuno yetu yote yalikuwa yakiingoja.

Alasiri ile, katika harufu ya grisi, baba aliongeza bapa la chuma kwenye kila springi ya nyuma, akapima kimo kwa mpini wa jembe. Aliposhusha jeki nilipaza sauti, "Inuka, wakubwa wameshaitikia!" Ikabaki imeinuka.

Tuliupanda mlima na magunia yote. Jirani alisimama kando ya njia.

"Jirani," baba akamwambia, "sasa amkia wewe."