Nahodha Aliyekataa Kuchagua Upande

Nahodha wa timu yetu ya Tonga, ya raga ya watu kumi na watatu, ana sauti ndogo kuliko mwili wake. Kila asubuhi kambini hujifunga kiunoni mkeka, vazi letu la heshima, husali, kisha hutufunga bandeji vidoleni mmoja mmoja huku akitutania: "Vidole laini hivi, ulikuwa unasuka nywele?" Australia walimtaka avae jezi yao, yeye akarudi nyumbani kuichezea Tonga.

Jumanne viongozi wa shirikisho letu, waliogawanyika makundi mawili, walitujia kwenye ukumbi wa kanisa, kila kundi na kocha wake. "Chagueni!" mwenyekiti wa kundi moja akafoka. "Atakayecheza chini ya wale, asahau Kombe la Dunia!" Nahodha hakuacha kunifunga kidole. "Mzee wangu," akasema taratibu, "mama yangu hajawahi kuniuliza kocha wangu ni wa nani. Huuliza tu kama nitaivaa jezi nyekundu ya Tonga. Kaeni hapa mpatane. Sisi tunakwenda mazoezini." Akatoka, nasi tukamfuata wote tukiimba, vifua mbele. Jioni tuliporudi, wazee walikuwa wangali wamekaa, safari hii kwenye meza moja, na kocha aliyeinuka kutupokea alikuwa mmoja tu.