Kijiwe cha Saba, Upande wa Kipushi

Tik.

Sauti ilikuwa ndogo kuliko ya chawa anayevunjwa kati ya kucha mbili. Hata hivyo nawaomba mnisadiki, ninyi mnaonisoma, kwamba hakuna kishindo kilichonitisha zaidi maishani mwangu, si radi za masika, si baruti za mgodini. Nilikuwa na umri wa miaka tisa nilipoisikia chini ya mkono wa baba yangu, katika chumba cha nyuma cha duka la vito mjini Élisabethville, Kongo. Mwezi uliopita, baada ya miaka zaidi ya ishirini, niliisikia tena huku Ulaya ninakosomea madini: punje ya fuwele ilipasuka ikiwa imebanwa ndani ya mashine ya maabara. Wenzangu waliandika vipimo. Mimi nilitoka nje.

Baba alikuwa sonara. Mwenye duka alikuwa Mzungu tuliyemwita Bwana Miwani, kwa sababu ya kioo cha kukuzia kilichokaa jichoni mwake hata alipokula. Yeye aliuza, aliyetengeneza ni baba. Fahari ya baba ilikuwa kuzamisha vito vidogo ndani ya dhahabu mpaka vikalingana na uso wake, bila kucha wala ukingo wa kuvishikilia, ungedhani vilinyesha juu ya pete ilipokuwa ingali laini.

Wanunuzi waliiita kazi ya upole. Walikuwa hawajaiona. Kwanza baba alitoboa dhahabu kwa kekee. Kisha alipanua mdomo wa tundu kwa ncha nene zaidi, akachonga humo kikalio cha kito, kiuno cha kito kikizama chini ya uso wa dhahabu kwa unene wa unywele. Halafu alishika kalamu ya chuma kigumu iliyong'arishwa, akausukuma mdomo wa tundu mpaka ukainama juu ya kito na kukibana daima. Dhahabu haikubali kwa kubembelezwa, hukubali kwa kushindwa. Nguvu ya kwanza, ambayo ni ndogo, hutiwa upande mmoja. Ya pili upande unaoukabili. Ukizunguka moja kwa moja, kito huinama na kuvunjika. Ili asipotee, baba aliziita pande hizo nne kwa majina ya miji na mitaa ya kwetu. "Kipushi," alinong'ona akisukuma. "Kampemba. Katuba. Likasi." Nilipenda zamu ya Katuba, kwa kuwa ndiko tulikolala, nikaona kama kito nacho kimefika nyumbani.

Wakati wa likizo mimi nilikuwa na kazi ya unyoya. Kabla kito hakijaketi, chembe za dhahabu zilizobaki ndani ya kikalio zilipaswa kufagiliwa kwa unyoya wa kuku, kamwe si kupulizwa. "Pumuzi iko na maji," baba aliniambia mara nyingi. "Ukipuliza, chembe inalala. Ukifagia, inatoka." Nilipomaliza aliniuliza neno moja, nami nilimjibu neno lile lile:

"Safi?"

"Safi, Tata."

Hakuangalia tena baada yangu. Nawaomba mlikumbuke hilo.

Siku hiyo palikuwa na pete ya harusi ya binti wa mkubwa mmoja, yenye zumaridi tisa, kila moja ndogo kama punje ya mtama. Zumaridi huzaliwa na nyufa tumboni, na haisamehe. Sita zilikwisha kuketi. Nilipojiandaa kwa ya saba, unyoya uliniponyoka ukaanguka chini ya meza, na mbwa wa Bwana Miwani akajinyoosha akaulalia. Mbwa huyo alikuwa amefundishwa kuchukia miguu isiyo na viatu. Juma lililotangulia alikuwa amenyofoa nyama ya mguu wa mfuaji nguo. Nilimtazama, naye akanionyesha meno.

Nikapuliza.

Ndani ya kikalio, upande wa Kipushi, kitu kilimeta. Niliamua kwamba ni mwanga.

"Safi?"

"Safi, Tata."

Aliketisha kito, akashika kalamu yake. "Kipushi," alisema, na hakufika Kampemba.

Bwana Miwani hakupiga kelele. Aliinua pete kwenye dirisha, akatazama ufa, kisha akamwita kapita, msimamizi wake, jirani yetu wa Katuba aliyekula ubukari, ugali wetu, nyumbani kwetu siku za Jumapili. Walimlaza baba kifudifudi uani, juu ya saruji iliyochomwa na jua la saa saba.

"Fundi mukubwa!" kapita alisema, akiikunja fimbo ya ngozi ili Bwana aone bidii yake. "Leo tutaona kama ngozi yako iko nguvu kupita kijiwe!"

"Ni mukono yangu, Bwana," baba alisema, shavu likiwa limebanwa chini. "Ilikaza sana. Mutoto haina na kosa."

Hakuna aliyekuwa amemtaja mtoto. Fimbo ilipoanza, shati lake lilipasuka kabla ya ngozi, kisha ngozi ikalifuata. Nilianza kuhesabu kama tulivyofundishwa shuleni, nikapotewa na namba. Mbwa alibweka kila pigo, akitikisa mkia. Alikuwa ameinuka, na unyoya ulikuwa wazi pale chini ya meza. Nikauokota. Sijui kwa nini.

Mngedhani ukatili wa siku hiyo uliishia hapo. Hata mimi nilidhani.

Tulifika nyumbani jua lingali juu. Mama alikuwa akipika lengalenga, harufu yake imejaa uani. Alipouona mgongo wa mumewe alitia maji ya chumvi kwenye beseni bila kuuliza. Baba hakwenda kwake. Aliketi mbele ya fuawe ndogo ambayo juu yake alinyoosha bangili za majirani, akautazama mkono wake wa kuume kama mtu anayemtazama mgeni aliyemwibia.

"Tata Ngoie, kuya nikuoshe," mama alimwambia. Ngoie ni mimi.

"Mukono yenye haisikie," baba alijibu polepole, "inafundishwa."

Aliuweka juu ya fuawe, akachukua nyundo kwa mkono wa kushoto.

Alipiga mara tatu. Mama alipiga yowe, sufuria ikapinduka, mboga ikamwagika motoni. Mimi nilikuwa mlangoni, unyoya mkononi. Kati ya pigo la kwanza na la pili palikuwa na nafasi ya kutosha neno moja. Nimeipima mara nyingi tangu hapo. Kati ya la pili na la tatu palikuwa na nafasi ya sentensi nzima.

Vidole viwili viliunga vibaya. Baba hakushika tena kalamu ya chuma. Aliziba matundu ya sufuria na ndoo, na kwa sufuria hizo akanisomesha. Nami nilijificha ndani ya shaka: labda mkono wake ulikaza kweli. Shaka hiyo ilinilea vizuri mpaka siku ile ya maabara. Niliporudi ndani nikaitazama ile fuwele kwa darubini, niliona ufa umeanzia chini, kwenye nukta moja penye chembe ya uchafu, ukafunguka juu kama kipepeo cha kuchochea mkaa. Nilikwisha kuuona ufa wa namna ile, dirishani, kati ya vidole vya Bwana Miwani. Mkono hukosea kutoka juu. Kilichopasua kutoka chini kilikuwa chembe.

Siku kumi sikulala vizuri, nikijadiliana na nafsi yangu. Kumwambia kungemrudishia mkono usio na hatia, lakini pia kungemjulisha kwamba aliuvunja bure. Jumapili nilipiga simu kwenye parokia ya Katuba, katekista akamwita baba kutoka misani. Nilisema yote bila kupumua: mbwa, unyoya, pumzi, neno safi.

"Weye njo ulipuliza?"

"Ni miye, Tata."

"Na ulisema safi."

"Nilisema."

Niliisikia kwaya kwa mbali, na pumzi zake.

"Chembe ilikuwa upande gani?"

"Kipushi."

"Kipushi," alirudia. "Nguvu ya kwanza. Ile kidogo." Alipoendelea, hakuwa akisema nami. Alimgeukia katekista, mbali kidogo na simu, kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu chumba kile cha nyuma:

"Angalia hii mukono, ndugu yangu. Angalia muzuri. Haikukosa."